Huduma ya kuchapa fulana kwa oda: nzuri kwa kuanzia, ngumu kwa duka la msaada

Nyota tatu kati ya tano. Ningetoa nne kama ningekuwa nauza kwa faida yangu mwenyewe. Lakini duka letu la mtandaoni lipo ili pesa ziende kununua madawati ya shule iliyo nchi nyingine, kwa hiyo kila senti inayokatwa njiani inaniuma. Jina la kampuni silitaji, zinazofanya kazi hii ni nyingi na zinafanana.

Unapakia mchoro, unachagua fulana, mteja akilipa wao wanachapa hiyo moja, wanafunga na kumtumia. Huna stoo, huna mkopo, wala hubaki na rundo la saizi ndogo zisizo na mnunuzi. Kwa watu wenye ajira zao, wanaofanya haya usiku watoto wakishalala, hilo ni jambo kubwa.

Kabla ya kufungua duka niliagiza sampuli, nyeupe na nyeusi. Fanya hivyo na wewe. Nyeupe ilikuja safi: wino umezama kwenye nyuzi, ukipitisha kiganja huhisi kitu. Nyeusi ndiyo iliyonikera. Kitambaa cheusi hupuliziwa kwanza dawa ya kushika wino, halafu hulazwa tabaka la wino mweupe chini ya rangi. Nilipofungua mfuko nikapokewa na harufu ya siki, na kuzunguka mchoro kulikuwa na alama hafifu ya mstatili, mithili ya pasi iliyosahauliwa. Vyote viliondoka kwa maji ya kwanza. Kilichobaki ni ugumu wa ule weupe wa chini. Baada ya kufuliwa tena na tena, ukivuta kitambaa kifuani unaona nyufa nyembamba kwenye herufi nene. Michoro ya mistari myembamba ilivumilia. Fulana yenyewe, pamba ya gramu 180 kwa mita ya mraba, haina ubishi: shingo haijalegea na mshono wa bega umewekewa utepe ndani.

Sasa pesa. Mchapaji anachukua chake, usafirishaji chake, kampuni ya malipo chake, na kinachosalia kikitumwa ng'ambo kinakatwa tena. Sisi tunakusanya kwanza, tunatuma kwa mkupuo. Na kwa kuwa kila fulana huchapwa peke yake, bei haishuki kama kwenye uchapaji wa skrini (wino husukumwa kupitia wavu uliotengenezewa mchoro huo), ambako ukishalipia maandalizi, kadiri idadi inavyopanda ndivyo kila moja inavyokuwa nafuu. Mteja akikosea saizi, hawabadilishi. Kifurushi kikivuka mpaka, anaweza kudaiwa ushuru wa forodha mlangoni. Mteja wetu mmoja alikataa kukipokea, na hasara ikatuangukia.

Wapo waliotuuliza kwa nini tusipeleke nguo zenyewe kwa kila fulana inayouzwa. TOMS ya Marekani ilianza hivyo mwaka 2006: nunua jozi ya viatu, jozi nyingine anapewa mhitaji. Baadaye ikauacha mtindo huo ikaahidi kutoa theluthi moja ya faida. Mimi naungana nao kwenye hilo la pili. Kule tunakosaidia kuna mafundi cherehani wanaotafuta wateja, na nguo ya bure ni mshindani asiyeshindika. Ila "sehemu ya mapato itasaidia watoto" nalo ni neno la kukwepa. Sehemu gani? Mapato au faida? Kwenye ukurasa wetu tumeandika kiasi kinachokwenda shuleni kwa kila fulana, na wanunuzi hawaulizi tena.

Huduma kwa wateja wanajibu haraka, ila kasoro lazima uitume picha.

Kwa sasa tunaitumia kujaribu michoro mipya tu. Mchoro unaotoka sana tunaupeleka kwa mchapaji wa skrini kwa jumla, tukishapokea oda na malipo kabla. Fulana nyeusi zenye herufi nene tumeziondoa dukani.