Unga wa bakteria kwa udongo uliolowa mafuta: unafaa ukisaidiwa

Unga huu niliununua katika duka la pembejeo za kilimo hapa Lubumbashi, kwa ajili ya kipande cha ardhi kilicho nyuma ya garaji, ambako kwa miaka mingi mazutu (dizeli) ya jenereta na mafuta machakavu ya injini yalikuwa yakimwagwa chini. Maelezo ya pakiti ni mafupi mno: nyunyiza, mwagilia, subiri. Hapo ndipo lawama yangu ya kwanza ilipo, kwa sababu anayefuata maelezo hayo peke yake atapoteza fedha zake.

Bakteria hula mafuta kwa kuwa yana kaboni, lakini mafuta hayana naitrojeni wala fosforasi ya kutosha, na bila hivyo viumbe hao hawazaliani. Kipimo kinachotumika mara nyingi ni sehemu 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi kwa kila sehemu 100 za kaboni. Wanahitaji pia hewa, unyevu na udongo usio na tindikali kali, na udongo wetu mwekundu wa Katanga una tindikali. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fukwe nyingi zilitiwa mbolea ili kuwalisha bakteria waliokuwapo tayari.

Kwa hiyo niligawa eneo. Upande mmoja ulipata unga peke yake. Mwingine unga pamoja na samadi ya kuku, chokaa na kulimwa mara kwa mara. Wa mwisho ulipata hayo yote isipokuwa unga. Palipowekwa unga peke yake, tone la maji liliendelea kukaa juu ya udongo bila kuzama, kana kwamba limeangukia nta ya mshumaa. Pande mbili zenye samadi zilianza kunywa maji na kuota nyasi, na ule wenye unga ulitangulia kidogo tu. Tofauti hiyo ipo, ila haitoshi kuhalalisha bei inayodaiwa.

Harufu ya mazutu ndiyo iliyokwisha mapema. Mafuta machakavu ni shida zaidi: molekuli zake ni ndefu na nyingine zimefungamana kwa pete, hivyo doa jeusi bado linanata kwenye jembe. Chini zaidi ya jembe linapofika, unga huu hausaidii kitu. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2011 kuhusu Ogoniland, Nigeria, ilionyesha kwamba mafuta yanaweza kushuka mita 5 na zaidi, na huko hewa ni haba.

Kuhusu mimea, lengalenga (mchicha) ya kwanza iligeuka njano, kwa sababu bakteria wanaokula mafuta huinyang'anya mimea naitrojeni. Baada ya kuongeza samadi, iliyofuata ilistawi vizuri. Ningeshauri nyasi zitangulie, kwani mizizi yake hutoa sukari inayowalisha bakteria na hupasua udongo ili hewa ipenye.

Hata hivyo, lengalenga hiyo sikuiruhusu ifike jikoni. Pakiti inadai kwamba unga huondoa sumu zote, na dai hilo ni la hatari katika mji huu. Mafuta machakavu hubeba zinki na huweza kubeba risasi, na udongo wa sehemu nyingi za Lubumbashi una shaba na kobalti kutokana na uyeyushaji wa madini. Hakuna bakteria anayeimaliza metali. Mtengenezaji afute maneno hayo kwenye pakiti, na muuzaji amwambie mnunuzi waziwazi.

Mwenye mazutu yaliyomwagika karibuni juu juu anaweza kununua pakiti ndogo, mradi anunue kwanza samadi na chokaa. Aanze mvua zinapopungua, mwezi wa nne, udongo ukiwa bado na unyevu, kwa maana mvua kubwa za mwezi wa kwanza husomba unga pamoja na mafuta hadi mtoni.