Karatasi za ultrasaundi: roli ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla ya kuuliza bei, angalia printa. Printa ndogo za picha nyeusi na nyeupe, kama Sony UP-897MD na UP-X898MD au Mitsubishi P95, hutumia roli ya karatasi inayochapwa kwa joto, yenye upana wa milimita 110. Muuzaji akikupa ya 112 kwa maelezo kwamba "zinaingiliana", mrudishie. Itakunjamana pembeni na kukwama.

1. Sony UPP-110HD (Mitsubishi: K65HM). Kwa kliniki nyingi, anza na hii. Weusi wake umekolea, hivyo ukingo wa kifuko cha mimba au kivuli cha jiwe la figo huonekana bila kukodoa macho. Roli ni mita 20. Picha moja ikila kama sentimita 9, unapata 200 na ushee.

2. UPP-110S (K61B). Urefu uleule, bei ya chini. Kwa picha za kubaki kwenye faili inatosha kabisa.

3. UPP-110HG (K91HG). Inang'aa kama picha ya studio, na wajawazito huipenda. Ila ni mita 18 tu na bei iko juu, kwa hiyo linganisha gharama kwa mita, si kwa roli.

4. Roli za kampuni nyingine. Zipo nzuri, lakini jaribu moja kabla ya kubeba boksi zima. Ikiacha unga mweupe ndani ya printa, achana nayo: unga huo hukwangua kichwa cha kuchapia, na kichwa kipya ni ghali kuliko maboksi kadhaa ya karatasi.

Karatasi nyingi husingiziwa ubovu bure. Kwenye printa ya Sony, mpangilio wa aina ya karatasi huwa hivi: S huwekwa aina I, HD aina II, HG aina V. Ukibadili roli ukasahau mpangilio, picha hutoka imefifia au imeungua. Mstari mweupe unaorudi palepale kila picha ni uchafu kwenye kichwa. Safisha, usipoondoka, kichwa kimekufa sehemu hiyo.

Picha zikitoka tupu, roli imegeuzwa. Kwaruza kwa ukucha: upande unaoacha alama nyeusi ndio unaochapwa.

Hifadhi roli kwenye giza, chini ya nyuzi 30. Stoo ya bati Tanga au Mombasa haifai. Mteja mpe picha kwenye bahasha ya karatasi, kwani plastiki laini huifuta taratibu, na mwonye asiipeleke kupigwa lamineshini: joto la ile mashine litaifanya nyeusi yote.