Jezi nambari 14 kutoka kibanda cha mitumba, Kongowea

Kibanda ninachokihakiki hakina bango wala jina. Kimo upande wa nguo za mitumba katika soko la Kongowea, Mombasa, na mwenyewe ni kijana anayeuza jezi za michezo peke yake, akizitundika kwa kufuata rangi badala ya ukubwa, mpangilio unaopendeza macho lakini unaomlazimu mnunuzi apekue safu nzima kabla ya kuipata inayomtosha. Nimenunua hapo mara nne, ila ununuzi wa mwisho ndio ulionifanya nishike kalamu.

Wateja wengi hufuata jezi za klabu za Uingereza, ambazo hutundikwa mbele na bei yake haipunguki kirahisi. Zile za mpira wa Kimarekani hurundikwa nyuma, kwa kuwa si wengi wanaozitambua, na hapo ndipo mtu mwenye subira hupata kitu cha kamera, yaani cha daraja la kwanza, kwa bei ya fagia, yaani ya mabaki. Nilikuwa nimeishika moja mkononi kijana aliposema, "Ami, hiyo ni ya raga. Nipe mia nne tu."

Ilikuwa ya buluu angavu, nambari 14 nyeupe yenye ukingo mwekundu, na mgongoni herufi kumi na moja za jina FITZPATRICK zimejipinda kutoka bega hadi bega. Alama ya Reebok ilikuwa ingali mahali pake. Haikuwa ya raga bali ya mpira wa Kimarekani, na kwa anayeufuatilia mchezo huo, rangi na alama vinatosha kuitaja tarehe: timu ya Buffalo Bills waliirudia buluu hiyo mwaka 2011 baada ya miaka kadhaa ya kuvaa buluu nzito, na kuanzia msimu wa 2012 kazi ya kutengeneza jezi za ligi ilihamia kwa Nike. Basi jezi hii ni ya msimu mmoja tu, nao ndio msimu ambao Ryan Fitzpatrick alikaribia kupata makao ya kudumu.

Huyu alikuwa kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira kila timu yake inapoanza kushambulia na kuamua, ndani ya sekunde chache, kama ataurusha, atamkabidhi mwenzake au atakimbia nao mwenyewe. Septemba ya 2011 aliwaongoza Buffalo kuwashinda New England Patriots, waliokuwa wamewafunga mara 15 mfululizo. Mwezi uliofuata klabu ikampa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 59. Baada ya hapo vipigo vikafuatana, timu ikamaliza msimu na ushindi 6 dhidi ya vipigo 10, na Machi 2013 wakamwachia aende zake. Nadhani, na hili ni dhana yangu tu, kwamba huo ndio wakati mwenye jezi alipoikunja na kuiweka kando, hadi ikapata njia ya kuingia kwenye belo.

Buffalo ilikuwa timu yake ya tatu. Katika zoezi la kila mwaka ambapo timu za ligi hugawana wachezaji wapya kwa zamu, alichaguliwa mwaka 2005 akiwa wa 250, katika raundi ya saba ambayo ndiyo ya mwisho, akitokea Harvard alikosomea uchumi, na kwa misimu 17 alizichezea timu tisa: St. Louis, Cincinnati, Buffalo, Tennessee, Houston, New York Jets, Tampa Bay, Miami na Washington. Katika sita kati ya hizo alivaa 14, kwa hiyo mnunuzi asitegemee nambari peke yake. Akiwa na Jets mwaka 2015 alirusha pasi 31 za mabao, lakini katika mchezo wa mwisho, ambao ushindi ungewaingiza kwenye mtoano, pasi zake tatu za robo ya nne ziliishia mikononi mwa wapinzani, na wapinzani wenyewe walikuwa Buffalo. Alistaafu mwaka 2022 bila kucheza hata mchezo mmoja wa mtoano.

Nirudi kwenye bidhaa. Nambari na herufi zimeshonwa kwa vitambaa viwili vilivyopandana, si kupigwa chapa, na baada ya kufuliwa mara tano hakuna uzi uliolegea isipokuwa kona moja ya herufi Z, ambayo fundi wa mtaani kwetu aliirudisha kwa shilingi 50. Ubora huo una gharama yake: kitambaa ni kizito, na hizo nambari kifuani hazipitishi hewa, kwa hiyo wakati wa kaskazi, hata ukiwa umekaa barazani jioni, utahisi umejifunika blanketi. Mimi huivaa siku za mvua. Lawama yangu kwa kibanda ni moja, kwamba jezi ilikunjwa kwa namna iliyoficha kitundu chini ya kwapa, nami nilikigundua nilipofika nyumbani. Nilipoirudisha, kijana hakubisha wala hakurudisha pesa. Alinitaka nichague nyingine ya bei hiyohiyo. Sikutaka nyingine.

Kuhusu bei yenyewe, kosa lilikuwa langu. Badala ya kutoa mia nne na kuondoka, nilianza kumsimulia habari za mwenye jina. Nilimweleza mchezo wa Desemba 2020 kule Las Vegas, Miami wakiwa nyuma na sekunde zimebaki 19, jinsi mlinzi alivyoushika wavu wa helmeti yake na kumgeuza kichwa pembeni, naye akaurusha mpira asikokuona, ukamfika mwenzake yadi 34 mbele, kisha ukapigwa mkwaju ulioleta ushindi wa 26 kwa 25. Kijana alisikiliza kwa makini sana. Nilipomaliza, bei ilikuwa mia saba. Tulikubaliana mia sita, na ninakiri kwamba mia mbili hizo zilikuwa ada ya ulimi wangu.

Wiki iliyopita nilipita tena, asubuhi, saa ambayo belo hufunguliwa na nguo bado hazijachambuliwa na wachuuzi wa mitaani, na huo ndio wakati ninaoupendekeza. Nilimkuta akimweleza kijana mwenzake kwamba Fitzpatrick alizunguka timu tisa na mwishowe akachukua kombe. Ilikuwa juu yangu kumsahihisha. Lakini mkononi nilikuwa na jezi ya Miami ya rangi ya feruzi, nambari 14, na bei yake ilikuwa haijatajwa.