Waipa zangu na swichi ya taa ya chumbani
Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa, leo naitoa. Garaji iko hapa hapa Goma. Jina lake silitaji, na mtaona kwa nini.

Mvua zilipoanza, nilikuwa natoka Sake, mji wa jirani, jioni. Waipa za gari langu, esuiglasi kama tunavyosema mjini, zilikuwa zimeanza kuchoka tangu kitambo. Zinapanda polepole kama mtu aliyebeba gunia la viazi, nikiwasha taa ndiyo zinazidi kulegea. Siku hiyo zikasimama katikati ya kioo. Lile vumbi letu jeusi la volkano likageuka tope mbele ya macho yangu. Nikabonyeza maji ya kuoshea, nikasikia pampu inalia, tone halikutoka. Niliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, nikafika nyumbani kama niliyeingia ziwani na nguo zangu.

Kesho yake fundi hakugusa hata fyuzi. Aliangalia gari, akaniangalia mimi, akasema: "Mama, motere imekufa. Leta dola 40, nikuwekee ya okazyo." Yaani iliyokwisha kutumika kwenye gari jingine.

Nikamwuliza kwa adabu: Papa, kama imekufa, mbona inatembea kidogo? Na mbona nikiwasha taa inazidi kuchoka? Akainua sauti ili wanaume waliokaa juu ya matairi wasikie vizuri: "Mama, unajua kuendesha gari, ao unajua gari?" Wakacheka wote. Hapo ndipo ningeondoka. Sikuondoka. Nililipa.

Motere ya okazyo nayo ikatembea vilevile, polepole. Mwingine angejiuliza. Yeye akavuta waya moja kwa moja kutoka betri, akafunga na waya mpya wa masi, yaani wa kurudishia umeme betri, akatoboa dashibodi yangu na kuniwekea swichi ya taa ya chumbani. Ndiyo, ile nyeupe ya ukutani! Waipa zikaruka, nami nikafurahi kama mjinga siku mbili nzima.

Siku ya tatu ndipo nilipoelewa nimenunua nini. Waipa ya kweli ukiizima haikatiki palepale. Ndani ya motere, kwenye gia, mna kisahani kinachoendelea kuipa umeme mpaka mikono ilale chini kabisa, ndipo kinakata. Mimi nikizima, mikono inasimama popote inapotaka, kwa hiyo lazima niivizie ikishuka nizime haraka, kama mtoto anayesubiri kuingia kwenye kamba ya kuruka. Mwendo wa kasi nao umepotea. Motere ina vipande vitatu vya kaboni, kimoja cha mwendo wa pole, kimoja cha kasi, na kimoja ambacho miendo yote miwili inakitumia. Yeye aliunga ule wa pole tu. Kupangusa mara mojamoja wakati wa manyunyu, hakuna tena. Na waya wake haukuwa na fyuzi! Mikono ikikwama kwenye tope, motere inavuta umeme mwingi, waya unachemka, na hakuna cha kuukata. Tena waipa zinatembea hata kama ufunguo uko mfukoni mwangu. Mtoto wa dada yangu alizichezea asubuhi moja, betri ikalala.

Nilirudi pale mdomo umejaa maneno. Patro, yaani yule fundi mwenye garaji, hakuwepo. Alikuwepo kijana anayejifunza, yule wa kutumwa maji na vifunguo kutwa nzima. Aliondoa zile nyaya mpya zote mbili, akarudisha soketi ya zamani mahali pake, zikatembea kwa uvivu uleule. Kisha akachukua kipande cha waya, akagusisha upande mmoja kwenye bodi ya motere, upande wa pili kwenye ncha hasi ya betri. Waipa zikapanda kama za gari jipya.

"Mama, iko masi."

Ndiyo hayo tu. Umeme ulikuwa unakwenda, lakini pale unaporudi betri kupitia bodi ya gari palikuwa na kutu, na taa zinarudishia umeme wake hapo hapo. Nikiwasha taa, vyote vinagombania kijia kimoja. Patro alikuwa ameutibu ugonjwa bila kuujua, siku aliyofunga ule waya wake mpya wa masi. Kijana akasugua kwa msasa, akakaza bolti. Kuhusu maji, pampu ilikuwa nzima. Matundu ya kurushia ndiyo yaliyoziba vumbi, akayazibua kwa sindano ya kushonea, na maji yakamruka usoni. Hatukumaliza hata nusu saa.

Kwa hiyo motere yangu ilikuwa nzima. Iko wapi? "Patro aliiuza," akasema, halafu akashika mdomo. Akaniomba nisiseme kwamba yeye ndiye aliyetengeneza.

Sasa niwaambie nini? Msiende. Au nendeni patro akiwa ameenda kula. Na niseme na hili ingawa linanichoma: mwaka jana mtu huyohuyo alinitengenezea altaneta, ile inayochaji betri, usiku, mvua inanyesha, akakataa hata franga moja. Nilikuwa nimekwisha kulisahau mpaka nilipoanza kuandika. Lakini altaneta haimpi mtu ruhusa ya kunifanya kichekesho mbele ya matairi!

Ile swichi nyeupe nimeiacha palepale, haiwashi kitu, inaziba tundu. Juzi nilipita mbele ya garaji, patro akanipungia mkono: "Mama, motere inaendaje?"

"Inaenda, Papa," nikamjibu, na nyuma yake kijana akainama haraka kuokota kifunguo ambacho hakikuwa kimeanguka.