Nakala ya muhuri wa Adda: yafaa kwa picha, haitoshi kwa maandishi

Nakala hii ya resini, ambayo niliiagiza mtandaoni kwa ajili ya wanafunzi wangu wa sanaa hapa Mtwara mjini, imefuata muhuri wa jiwe la kijani wa karani Adda, uliochongwa Mesopotamia (eneo la Iraki ya leo) yapata mwaka 2300 KK na kuhifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Ni mcheduara wenye kimo cha sentimita 3.9 tu, na ukiutazama mkononi hauoni mengi, kwa kuwa picha zake zimezama ndani na zimechongwa kinyume. Uzuri wake hujitokeza pale unapoviringishwa juu ya udongo mbichi.

Nilitumia udongo wa mfinyanzi wa huku kwetu, uliopondwa na kuchekechwa vizuri, na chapa iliyotokea ilinifurahisha mno. Katikati, Shamash, mungu wa jua, anachomoza kati ya milima akiwa ameshika kisu chenye meno ya msumeno. Kushoto kwake amesimama Ishtar, mungu wa kike wa mapenzi na vita, mwenye mabawa, silaha zikimchomoza mabegani. Kulia yupo Ea, mungu wa maji, ambaye mabegani mwake hububujika maji yenye samaki, na nyuma yake Usmu, waziri wake mwenye nyuso mbili. Wote wamevaa kofia za pembe, ambazo ndizo alama ya uungu, na pembe hizo zinaonekana waziwazi. Kwa mji uliozoea kazi za wachongaji wa Kimakonde, ustadi wa kubana mambo yote hayo katika jiwe dogo kiasi hicho ni jambo la kuheshimiwa sana.

Maandishi ya kikabari, yaani ya alama za kale zenye umbo la kabari, yanayomtaja Adda na ukarani wake, kwa bahati mbaya, yamechongwa juujuu, kiasi kwamba alama zake huchanganyikana udongoni. Aidha, nakala haina tundu la kupitisha kamba, ilhali mihuri ya aina hii ilitobolewa ili mwenyewe aivae. Karatasi ya maelezo nayo haisemi lolote kuhusu matumizi, wakati udongo wenye chapa ulibandikwa kwenye kamba ya mlango wa ghala au mdomoni mwa mtungi ili asiwepo wa kufungua bila kuuvunja, kazi ileile ya sili za makontena ya korosho bandarini kwetu.

Kwa somo la picha ninaipendekeza kwa moyo wote. Mwalimu wa historia anayehitaji maandishi yasomeke aombe kwanza picha ya chapa kutoka kwa muuzaji.