Faiba ya megabiti 100 iliyoshindwa kubeba mikono yangu: miezi 14 na kifurushi cha familia

Ninafundisha lugha ya alama kwa njia ya video, jioni nne kwa wiki. Wanafunzi wangu wengi ni wazazi wenye watoto viziwi, na wachache ni watu wazima ambao usikivu wao unapungua. Mwalimu wa hesabu picha yake ikiganda, sauti huendelea kusikika na somo linasonga. Kwangu picha ndiyo sauti. Ikiganda sekunde mbili, sentensi nzima imekwenda. Ikishuka ubora, vidole huungana vikawa kitu kimoja, na mwanafunzi hawezi tena kutofautisha alama mbili zinazoachana kwa mkao wa kidole gumba peke yake.

Kwa hiyo niliponunua kifurushi hiki cha familia nilikuwa nanunua kitu kimoja: mikono yangu ifike. Tangazo liliahidi megabiti 100 kwa sekunde za kupakua, 20 za kupakia, gigabaiti 500 kwa mwezi, na chini kabisa, kwa herufi za rangi, kwamba video za washirika wa kampuni "hazihesabiki". Jina la kampuni naliacha, maana kabla ya kuandika nimesoma mikataba ya kampuni nyingine mbili nikakuta vipengele hivi hivi kwa maneno yanayokaribiana sana.

Nianze na walichofanya vizuri, kwa kuwa walifanya vizuri kweli. Mafundi wawili walikuja siku waliyoahidi. Mmoja, kabla ya kutoboa ukuta, aliniuliza, "Mama, kazi yako unaifanyia chumba gani?" Nikamwonyesha, na ruta ikawekwa humo humo badala ya sebuleni karibu na mlango, mahali ambapo ingewarahisishia kazi. Katika miezi 14 laini imekatika mara mbili tu, na mara zote mbili ilirudi kabla ya saa nne kupita. Anayetaka waya usiokatika, huu ni waya wa kuaminika.

Shida ilianza mwezi wa pili tangu nifungiwe, na ilinichukua muda kuiamini. Kila nikipima kasi napata megabiti 92, 94, mara nyingine 97. Darasa likianza, picha inashuka hadi 480p, yaani ubora wa chini wa mistari 480, na kubaki hapo. Nilibadilisha kompyuta, nikabadilisha kamera, nikachomeka waya nikaachana na waifai. Nilimshuku hata mwanangu kwamba anacheza michezo chumbani wakati nafundisha, kumbe alikuwa amelala.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kipimo cha kasi kinapima sehemu moja ya safari. Seva kinayoipigia mara nyingi imo ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe, kwa hiyo namba ile inakuonyesha barabara kutoka mlangoni kwako hadi kwenye geti la kampuni. Intaneti yenyewe iko nje ya geti, na kwenye geti ndipo mwenye waya ana nguvu. Watu walioishi Marekani mwaka 2013 na 2014 wanalikumbuka hili. Wateja wa Comcast, kampuni ya intaneti ya huko, waliona video za Netflix zikizorota miezi mfululizo, kila upande ukiulaumu mwenzake, hadi Februari 2014 Netflix ilipokubali kuilipa Comcast ili iunganishwe nayo moja kwa moja, na kasi ikapanda. Anayepima kasi ndani ya uwanja wa kampuni hawezi kuliona jambo la namna hiyo hata akipima mara mia.

Nikanunua daftari. Kwa siku 19 nilipima mara tatu kwa siku: saa kumi alfajiri, saa saba mchana na saa mbili usiku. Kila mara nilifungua jukwaa ninalofundishia na kuandika kasi ya picha inayonifikia, kisha nikawasha VPN, programu inayofunga data yako na kuipitisha kwenye seva ya mtu mwingine, na kurudia. Bila VPN, darasa lilizungukia megabiti moja na nusu kwa sekunde, wakati wowote. Kwa VPN, 720p, ubora wa juu zaidi ya 480p, bila kuganda.

Hapa nilijizuia kushangilia. VPN huizuia kampuni isione data yako ni ya aina gani, lakini pia hubadilisha njia ambayo data hupita. Inawezekana njia ya kawaida ilikuwa na msongamano mahali fulani, na VPN ikaukwepa tu. Nikatafuta kipimo kinachotenganisha mambo hayo mawili nikapata programu ya bure iitwayo Wehe, iliyoundwa na watafiti wa Northeastern University. Inachofanya ni rahisi kueleza: inacheza upya mtiririko wa huduma fulani ya video kama ulivyo, kisha inacheza mtiririko ule ule ukiwa umevurugwa ili mtandao usiutambue. Njia ni ile ile, na ukubwa ni ule ule. Ukiona unaotambulika unakwenda polepole na uliovurugwa unakimbia, kuna mashine njiani inayochagua. Kwa huduma mbili ambazo si washirika wa kampuni yangu, mtiririko halisi ulipata megabiti 1.6, na uliovurugwa 71. Jukwaa langu dogo halimo kwenye orodha ya programu hiyo, kwa hiyo kwa darasa lenyewe nilibaki na ushahidi wa daftari tu. Lakini kwa namba zile sikuhitaji mtu wa kunisomea.

Kupiga simu huduma kwa wateja sitakueleza kwa urefu. Mara ya kwanza, "Mama, zima ruta uiwashe." Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu nilisoma namba zangu kutoka daftarini, tarehe na saa, nikapelekwa kwa kijana wa kitengo cha ufundi ambaye alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mwalimu, laini yako ni nzima. Kinachokushika ni uboreshaji wa video. Kila mwenye kifurushi hiki anawashiwa." Kipengele cha 9 cha mkataba, ukurasa wa sita. Nilikisoma usiku ule: kampuni "inaweza kurekebisha mtiririko wa video ili kumpa mteja matumizi bora zaidi". Neno kupunguza halimo. Namshukuru kijana yule, maana wenzake wawili kabla yake ama hawakujua ama hawakuruhusiwa kusema.

Jambo hili lina historia. Novemba 2015 kampuni ya simu ya T-Mobile ya Marekani ilizindua mpango wa Binge On: video za huduma zilizojiunga hazikuhesabiwa kwenye bando, na video zilishushwa hadi ubora wa 480p. Shirika la kutetea haki za kidijitali la EFF lilipopima, Januari 2016, lilikuta kwamba hata video za huduma ambazo hazikujiunga zilikuwa zinabanwa kwenye megabiti moja na nusu hivi. Nilipoisoma namba hiyo nilifungua daftari langu nikaziweka bega kwa bega. Mteja wa Binge On angeweza kuizima, kama nilivyoweza mimi. Lakini kuzima kunamtaka mtu ajue kwanza kwamba imewashwa.

Hili ndilo linalobishaniwa chini ya jina la usawa wa mtandao, jina lililoasisiwa na mwanasheria Tim Wu mwaka 2003: anayekuuzia njia asichague mizigo ipi ipite haraka, ipi icheleweshwe, ipi izuiwe. Hoja ya watoa huduma nimeisikia, na ina uzito wake. Video ndiyo inayojaza mitandao, jioni watu wote wanaangalia kwa pamoja, na mtu mwenye simu ndogo huenda asione tofauti huku bando lake likidumu zaidi. Sipingi mtandao kusimamiwa. Hata kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015, ambayo ni kali, inaruhusu kusimamia msongamano, mradi iwe wazi, isibague, na isitokane na maslahi ya kibiashara. Lakini daftari langu lina vipimo vya saa kumi alfajiri. Saa kumi alfajiri hakuna msongamano. Video za washirika wa kampuni, kwa waya ule ule na saa ile ile, zilikuwa zinacheza kwa ubora wa juu kabisa. Huo si usimamizi wa foleni, ni upendeleo.

Na suala la "hazihesabiki" linaniuma kuliko hata kasi. Sijawahi kumaliza gigabaiti 500. Ninachokiona ni kwamba jukwaa ninalofundishia limeundwa na kundi dogo la viziwi wenyewe, watu waliojua kwamba dirisha la mwalimu lazima liwe kubwa, lisiruke kumfuata anayetoa sauti. Majukwaa makubwa yalikuwa yanamkuza anayekohoa. Wadogo hawa watashindanaje na huduma ambayo kampuni ya waya imeipa njia ya bure na ya haraka? Niliuliza masharti ya kuwa mshirika, nikaelekezwa kitengo cha biashara. Nimeandika mara mbili. Sijajibiwa. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua Septemba 2021 kwamba vifurushi vinavyoacha kuhesabu huduma fulani kwa sababu za kibiashara vinavunja wajibu wa kutendea data zote sawa. India ilipiga marufuku bei za kibaguzi za data Februari 2016. Chile ilikuwa imeshaandika usawa huu kwenye sheria tangu 2010. Si ndoto, basi. Kuna wateja ambao serikali zao zimewakingia kifua.

Marekani, ambako mjadala huu umepiga kelele kuliko kwingine, mteja amezungushwa. Mwaka 2015 Tume ya Mawasiliano, FCC, iliwaweka watoa intaneti kwenye kundi la huduma za mawasiliano, pamoja na simu, kwa kura 3 dhidi ya 2, na hivyo ikapata nguvu ya kuwazuia wasibague. Desemba 2017, kura 3 kwa 2 tena, ikawatoa. Aprili 2024 ikawarudisha, 3 kwa 2. Januari 2025 mahakama ya rufaa ikasema tume haina mamlaka hayo. Mtu aliyesaini mkataba wa miaka kumi angekuwa ameishi chini ya sheria mbili zinazopokezana bila waya wake kusogea hata inchi.

Turudi kwenye huduma. Baada ya kuomba uboreshaji uzimwe, ilichukua siku 11. Ulipozimwa, nilifundisha miezi sita kwa raha. Kisha mwezi wa tisa tangu nifungiwe kampuni "iliboresha" vifurushi vyote. Hakuna aliyenitaarifu. Niligundua darasani. Mama mmoja mwenye mtoto wa miaka minne alikuwa anajifunza kuuliza "unaumwa wapi?", kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo mtoto alilia na yeye hakujua amguse wapi. Nilimwonyesha. Akaniashiria, "Sijaona, rudia." Nikarudia. "Sijaona." Mara ya nne alifunika uso kwa mikono, nikaelewa kwamba anadhani kosa ni lake. Niliwasha VPN, nikaomba radhi, tukaanza upya. Ningeweza kusamehe kukatika kwa umeme. Kitu kilichowashwa na mtu ofisini, bila kuniambia, baada ya kuomba kwa maandishi kizimwe, sijakisamehe.

Mtu atauliza kwa nini sikuhama. Jengo letu lina waya wa kampuni moja. Njia nyingine ni ruta ya laini ya simu, na mkataba wake nimeusoma: kipengele kile kile, namba tofauti. Wanaosema soko litawarekebisha watoa huduma wangekuja wakae kwenye jengo lenye waya mmoja. Nguvu ya kampuni hizi haianzii kwenye kasi wala bei. Inaanza pale mteja anapojua anachofanyiwa na hana mlango wa kutokea.

Alama zangu: waya na mafundi nyota tano. Huduma kwa wateja mbili, na zote mbili ni za kijana yule. Kifurushi chenyewe, mbili. Familia inayoangalia filamu za washirika pekee itaridhika, sina sababu ya kuwadanganya. Anayefundisha, anayetibu kwa video, anayetumia jukwaa dogo ambalo hakuna aliyelisikia, asisaini kabla hajajibiwa kwa maandishi kama video inashushwa ubora, kwa huduma zipi, na kama ombi la kuzima litadumu vifurushi vinapobadilishwa. Mimi niliuliza hayo wiki iliyopita. Mawili nimejibiwa. La tatu wamesema "litafanyiwa kazi", kwa hiyo nimekataa mkataba wa mwaka na ninalipa mwezi kwa mwezi.

Jana kabla ya darasa nimepima: 720p, haikuganda. Yule mama alikuwepo. Ipo kwenye daftari, ukurasa wa 61, na kesho saa kumi alfajiri napima tena.