Mustang wa Breyer, rangi ya panya: nimemnunua mtumba, maoni yangu

Aisee nilikuwa nawacheka sana watu wazima wanaokusanya visanamu vya farasi, leo na mimi ninaye mmoja juu ya kabati la tivii na hakuna mtu ndani ya nyumba anaruhusiwa kumfuta vumbi zaidi yangu. Ni mustang, yaani farasi wa porini wa Marekani, wa Breyer, kampuni ya kutengeneza visanamu vya farasi vya plastiki, saizi ile kubwa wanaita Traditional, yaani 1 kwa 9 ya farasi mwenyewe, nimemchukua kwa jamaa mmoja wa mtandaoni hapahapa Marekani.

Kilichonimaliza ni ile mistari. Mwili una rangi ya panya, halafu kuna mstari mweusi umeshuka mgongoni kuanzia kwenye singa mpaka mkiani, na kwenye magoti ana vimistari kama punda milia! Nikajua tu mchoraji kajiongeza, nikaenda kuangalia picha za farasi wa porini wa Pryor Mountains, kule mpakani mwa Montana na Wyoming, walikotengewa eneo lao tangu 1968, nakuta wapo vilevile kabisa, wale wana damu ya farasi walioletwa na Wahispania. Nikasema basi chapa ya shingoni hapo wamesahau, maana mustang wengi wanaofugwa na watu huwa nayo upande wa kushoto, kumbe chapa hiyo ni serikali inawapiga wakishakamatwa porini. Huyu wangu bado yuko porini bana.

Na hawa Breyer wenyewe farasi waliangukia tu, 1950 walipewa oda ya farasi wa kupamba saa, kazi ilipoisha wakabaki na kalibu, wakaanza kuuza farasi peke yake bila saa.

Sasa lawama, na hii ni ya muuzaji. Farasi mwenye miguu myembamba hivi kamtupia kwenye boksi kubwa na karatasi mbili za gazeti, kafika ncha ya sikio imechubuka, plastiki nyeupe inachungulia. Nimemwandikia, wiki ya tatu hii kimya. Ukinunua mtumba mwambie mtu afunge masikio na miguu kwanza ndo mengine yafuate. Na usimweke dirishani, hiyo plastiki ni selulosi asetati, joto likizidi inapinda, nilitaka kumnunulia mwingine mpwa wangu Dar nikawaza safari ya kontena nikaghairi.

Ila sikio nishaligeuzia ukutani, na jike namtafuta.